OpenTTD: Foleni za treni zinaanzia pale treni zinaposimama (uzi mrefu, karibuni tujadili)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani picha ni ileile: ramani imejaa treni zilizoganda, na mwenye ramani anauliza afanye nini. Majibu nayo hayabadiliki. Ongeza reli. Jenga njia nne. Nunua vichwa vyenye kasi. Naupenda mchezo huu kwa dhati, na inaniuma kuona watu wanauacha pale unapoanza kunoga, yaani treni zikishafika mia na ushee na huwezi tena kuzifuata moja moja kwa macho. Kwa hiyo leo naandika kirefu.

Kwa wageni, kwa ufupi: OpenTTD ni programu huria, ya bure, iliyotokana na Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer ya mwaka 1995. Ludvig Strigeus aliichambua ile ya zamani, akaiandika upya na kuitoa mwaka 2004. Tangu 2010 haihitaji mafaili ya mchezo wa awali, ina picha na sauti zake. Kompyuta ya kawaida kabisa inaubeba. Unajenga reli, unanunua treni, unazipa maagizo, basi, zinajiendesha zenyewe. Wewe hushiki usukani wa treni hata moja. Unachoamua ni wapi zikutane na wapi zisubiriane.

Msimamo wangu ni huu: karibu kila foleni niliyoikagua ilianzia kwa treni moja iliyosimama mahali ambapo mkia wake unawazibia wengine. Reli zilikuwa zinatosha. Kwa hiyo kabla hujaweka ishara (taa inayoiambia treni ipite au isimame) popote, jiulize: treni ikikuta nyekundu hapa, mkia wake utaishia wapi?

Ishara

Ziko familia mbili. Ya zamani ni ishara ya kipande. Reli yote kati ya ishara na ishara ni kipande kimoja, na treni ikishaingia humo hakuna nyingine inayoruhusiwa, hata kama zisingegusana kabisa. Ya pili ni ishara ya njia, iliyokuja na toleo la 0.7 mwaka 2009. Hii haijali kipande kizima. Treni ikiifikia, inajitengea njia kuanzia pale hadi mahali salama pa kusimama: ishara nyingine inayoitazama, mwisho wa reli, au karakana. Ikipata njia yote, inapita. Ikikosa hata mraba mmoja wa ramani, inasubiri. Ndiyo maana treni mbili zinaweza kuwa ndani ya makutano yaleyale kwa wakati mmoja, mradi njia zao hazikatani. Ukiziona ishara hizi ni nyekundu muda wote usishtuke, ndiyo hali yake ya kawaida. Zinageuka kijani pale tu treni imeshatengewa njia.

Hapo kwenye mahali salama pa kusimama ndipo wengi wanapopotea. Ukiweka ishara ya njia, umeuambia mchezo kwamba treni inaweza kusimama mbele ya ishara hiyo bila kumsumbua mtu. Na mchezo unakuamini. Haupimi urefu wa treni wala haukuonyi. Ukiiweka katikati ya makutano, treni itasimama katikati ya makutano kama daladala inayoshusha abiria njia panda, na pande zote nne zitaganda.

Kwa hiyo: ishara ya njia iwe kabla ya makutano, kwenye kila reli inayoingia. Ndani ya makutano usiweke kitu. Ukishatoka, usiweke ishara nyingine mpaka upite urefu wa treni nzima. Mraba mmoja wa ramani unabeba magari mawili ya kawaida, hivyo kichwa kimoja na mabehewa tisa ni miraba mitano. Amua urefu mmoja mapema na uufuate ramani nzima. Siku utakapoingiza treni ya miraba saba kwenye mtandao uliojengwa kwa mitano, kila makutano yaliyokuwa salama yanakuwa mtego.

Kwenye njia kuu habari ni fupi: ishara zikae kwa umbali sawa, na uwezo wa njia nzima unaamuliwa na pengo refu kuliko yote. Wengi hawalioni pengo hilo kwa sababu limejificha kwenye madaraja na mahandaki. Mchezo wa kawaida haukuruhusu kuweka ishara juu ya daraja wala ndani ya handaki. Handaki la miraba kumi na tano ni kipande kimoja, treni moja kwa wakati, hata kama nje ishara ziko kila baada ya miraba miwili. Dawa yake ni kugawanya reli kabla ya mlima, kuchimba mahandaki mawili sambamba, kisha kuziunganisha upande wa pili. Treni itakayokuta handaki la kwanza lina mtu itachukua la pili, kwa sababu kitafuta njia cha mchezo huhesabu ishara nyekundu kama umbali wa ziada.

Stesheni

Stesheni ya mwisho wa reli, ile ambayo treni inaingia na kutokea mlango uleule, inataka ishara ya njia ya upande mmoja mlangoni, kabla reli hazijatawanyika kwenda kwenye majukwaa. Iweke karibu na mlango kadiri inavyowezekana. Treni huchagua jukwaa inapofika kwenye ishara hiyo, na ishara ikiwa mbali inachagua mapema mno, kisha inatumia muda mrefu kutembea kwenye njia ambayo imeshawafungia wenzake. Upande wa kutokea weka ishara nyingine, lakini isogeze mbele kwa urefu wa treni nzima kutoka mdomoni, yaani pale reli za majukwaa zinapokutana. Ikiwa karibu zaidi ya hapo, treni inayotoka ikikuta njia kuu imejaa itasimama na mkia wake ndani ya mdomo wa stesheni, na hakuna atakayeingia wala kutoka.

Kama mizigo ni mingi, jenga stesheni ya kupitiliza, kuingia huku na kutokea kule. Inakula ardhi, lakini treni zinazoingia na zinazotoka hazikutani tena.

Maagizo

Hapa niwe mkali kidogo. Agizo la kusubiri hadi ijae ndilo linaloua mitandao mingi kuliko kosa lolote la ishara. Naelewa kwa nini watu wanalipenda. Kiwango cha stesheni yako (alama inayoamua mgodi ukupe sehemu gani ya mzigo wake) kinategemea zaidi muda uliopita tangu mzigo uchukuliwe mara ya mwisho, na treni inayopakia muda wote inakiweka juu. Lakini treni inayosubiri kujaa ni treni iliyosimama. Ukiwa na majukwaa mawili mgodini na treni sita zenye agizo hilo, nne ziko barabarani. Barabarani wapi? Kama ni kwenye njia kuu, umeshaifunga kwa mkono wako.

Jenga maegesho kati ya njia kuu na mgodi: reli kadhaa sambamba, kila moja ikitosha treni nzima, kila moja na ishara yake ya njia mwishoni. Nyingine zikisubiri zisubiri humo. Na usichanganye mizigo miwili ya kusubiri kujaa kwenye majukwaa yaleyale. Makaa ya mawe na chuma ghafi vikishea majukwaa matatu, itafika siku treni za chuma zitashika yote matatu huku mgodi wa chuma umepunguza uzalishaji. Za makaa zitakaa nje na mzigo wao umerundikana pale ndani.

Karibuni kwa maswali. Mwenye picha ya foleni yake aitupie tuikague.

---

#2

Mkuu uzi umeshiba, ubarikiwe. Mimi stesheni yangu ina majukwaa sita, ya mwisho wa reli, ishara nimeweka hivyo hivyo mlangoni. Lakini mara kwa mara naona majukwaa mawili matupu na treni tatu zinasubiri nje. Hii inakuwaje?

---

#3 – Mleta uzi

Mkuu, ukiona jukwaa tupu na treni imesimama nje, angalia mdomo. Sababu ni mbili, na zote ni za kawaida.

Ya kwanza, njia za kwenda kwenye yale majukwaa mawili zinakatana na njia ya treni inayotoka. Stesheni nyingi za majukwaa sita zina sehemu moja tu ambayo kila kitu lazima kikatize. Kila treni inayotoka inawazuia wanaoingia, na kila anayeingia anawazuia wanaotoka, hata ungekuwa na majukwaa ishirini. Pitisha reli ya kutokea juu ya ile ya kuingilia kwa daraja fupi, au igawe stesheni iwe na midomo miwili yenye majukwaa matatu matatu.

Ya pili, pima majukwaa yako. Kama treni ni ya miraba saba na jukwaa ni la mitano, miraba miwili ya mkia imebaki nje inaziba mdomo muda wote wa kupakia. Na kupakia kwenyewe kunakuwa kwa polepole zaidi, maana mchezo unaipunguzia kasi treni iliyozidi jukwaa.

---

#4

Salamu kutoka Mombasa. Mimi napenda kujenga kama SGR yetu ya hapa hadi Nairobi, reli moja na sehemu za kupishana, sipendi kujaza ramani reli. Nikiwa na treni nne mambo ni sawa. Nikiongeza, zinafika mahali mbili zinatazamana na hakuna anayesogea. Nimeambiwa reli moja haiwezekani kwa mchezo huu. Ni kweli?

---

#5 – Mleta uzi

Si kweli kaka, na nimefurahi umeliuliza hilo, kwa sababu reli moja ndiyo inayomfundisha mtu ishara kuliko kitu kingine. Hata SGR ya huku kwetu ya Dar hadi Morogoro ni hivyohivyo: kilomita 205 za njia kuu, na kilomita 95 nyingine ni za kupishania na za stesheni. Karibu theluthi ya reli yote iliyolazwa ni ya treni kusimama au kupisha. Ukitaka kujenga kwa mfano huo, beba na uwiano huo.

Kuhusu kutazamana. Nina hakika sehemu zako za kupishana zina reli mbili, na treni inaweza kuingia yoyote kutoka upande wowote. Sasa fikiria treni mbili za kwenda bara zimefuatana. Ya kwanza inaingia reli ya juu, ya pili inaingia ya chini. Mbele yao inatoka treni ya kuja pwani. Reli zote mbili zimejaa, yeye hana pa kuingia, wao hawana pa kutokea. Hapo pamefungwa, na kuongeza treni kunazidisha tu uwezekano wa hali hiyo.

Toa uhuru huo. Kila sehemu ya kupishana, reli moja iwe ya kwenda tu na nyingine ya kurudi tu, kwa ishara za njia za upande mmoja. Ishara ikae mwisho wa reli ya kupishania, pale treni inapotaka kuingia reli moja. Kwenye reli moja yenyewe usiweke ishara yoyote kati ya kupishana na kupishana. Treni haitaondoka mpaka itengewe njia yote hadi kwenye ishara ya sehemu ya kupishana inayofuata, kwa hiyo haziwezi kukutana katikati. Na kwa kuwa upande wa wanaokuja daima una reli yao, anayekuja atapata pa kuingia.

Mambo mawili yanabaki. Urefu wa kila sehemu ya kupishana utoshe treni yako ndefu kuliko zote, pasipo kukosa hata nusu mraba. Na stesheni za mwisho ziwe na majukwaa ya kutosha, kwa sababu muundo huu unaweza kuganda pale ambapo treni inayofika haipati jukwaa na inayotaka kuondoka haipati njia kwa ajili yake.

---

#6

Mleta mada nakuheshimu, ila naomba nitofautiane nawe. Unaongelea mahali pa kusimama tu, huongelei wakati. Treni kumi zenye maagizo yaleyale, hata ukizijengea maegesho ya dhahabu, baada ya muda zitashikana zote zitembee kama msafara. Stesheni inakaa tupu muda mrefu, halafu kumi zinafika kwa mkupuo. Foleni hiyo haikuletwa na ishara. Imeletwa na kukosa ratiba. Mimi kila treni ya abiria ninaipa ratiba: muda wa kusafiri na muda wa kukaa stesheni. Ikiwahi inasubiri, ikichelewa inajitahidi kufidia. Zikishea maagizo, unashika Ctrl ukibofya tarehe ya kuanza, mchezo unazigawa zenyewe kwa nafasi sawa. Toka nianze hivyo sijaona msafara.

---

#7 – Mleta uzi

Hapo umeniongezea kitu, mkuu, na nakubaliana nawe kabisa upande wa abiria. Msafara ni tatizo la wakati na ishara haziutibu.

Ila kwa mizigo ratiba inanipa shida. Uzalishaji wa mgodi unapanda na kushuka, ukibadilisha vichwa vya treni muda wote wa safari unabadilika, na kama umeruhusu treni kuharibika njiani, moja ikiharibika inachelewesha zote zilizo nyuma yake. Ratiba ya abiria ikilegea kidogo, hakuna anayeumia. Ya mizigo inabidi uishonee upya kila mara.

Toleo la 14, lililotoka 2024, limeleta njia ya tatu ambayo naona watu hawaitumii: agizo la karakana la kutawanya treni. Treni zinazoshea maagizo zikipita karakanani, kila moja inashikiliwa mpaka nafasi kati yake na iliyotangulia iwe sawa na nyingine. Huandiki dakika wala siku. Sharti lake ni kwamba orodha hiyo ya maagizo isiwe na kusubiri hadi ijae wala maagizo ya masharti (yale yanayoirusha treni hadi agizo jingine hali fulani ikitimia), na kwa maoni yangu sharti hilo ni la haki. Huwezi kuiambia treni itoke kwa mpangilio na papo hapo uiambie isubiri mzigo mpaka hapo utakapopatikana.

Na ona inasubiria wapi: karakanani, nje ya reli, haina mkia unaomzibia mtu. Tena karakana moja inabeba treni kwa wingi wowote. Iweke tu kwenye tawi lake na si kando kabisa ya njia kuu, kwa sababu treni inayotoka karakanani inaanza kutoka sifuri na ikiingia moja kwa moja kwenye njia ya kasi, wote wa nyuma wanafunga breki.

---

#8

Msizisahau ishara tangulizi, zile za kuingilia na kutokea. Siku hizi zimefichwa kwenye menyu, unaziwasha kwenye mipangilio. Ya kuingilia inakuwa kijani pale tu angalau ishara moja ya kutokea iliyo mbele yake ni kijani. Mimi nazitumia sehemu moja tu: tawi linapoungana na njia kuu na nataka treni za njia kuu zipewe kipaumbele. Ishara ya njia haijui nani mkubwa, anayewahi kutenga ndiye anayepita. Treni nzito ya makaa ikitoka kwenye tawi mbele ya treni ya kasi ya abiria, basi safari yote iliyobaki abiria wanatembea kwa mwendo wa makaa, kwa sababu mchezo huu hauna kupita mwenzako kwenye reli ileile.

---

#9

Swali la pembeni, samahani kama nalihamisha uzi. Kwenye reli halisi mambo ni hivihivi?

---

#10 – Mleta uzi

Hujalihamisha. Wazo la vipande na la treni kutengewa njia kabla haijaingia makutano ni la kweli, reli za dunia zimefanya kazi hivyo kwa zaidi ya karne. Tofauti kubwa ni breki. Kwenye OpenTTD ya kawaida treni ya kasi inasimama papo hapo mbele ya nyekundu. Treni halisi yenye kasi ya kilomita 160 kwa saa inahitaji mamia ya mita, hata kilomita moja na zaidi, kwa hiyo dereva au mfumo wa ndani ya treni lazima ujue hali ya mbele mapema sana. Anayetaka hali hiyo kwenye mchezo atafute toleo la JGR, lililojengwa na mchezaji juu ya OpenTTD. Lina breki za uhalisia, na linaruhusu ishara kwenye madaraja na mahandaki, kwa hiyo lile tatizo la handaki nililolieleza juu linaisha.

---

#11

Wakuu nisaidieni sasa hivi, nimesimamisha mchezo. Nina makutano ya mzunguko, reli nne zinaingia, ndani ya mzunguko nimeweka ishara kila upande. Treni nne ziko ndani, kila moja inamsubiri wa mbele yake, na nyuma zimepanga hadi mjini. Nimejaribu kuongeza reli ya pili ya kuingilia, hakuna kilichobadilika.

---

#12 – Mleta uzi

Usiongeze reli. Fuata foleni mpaka kichwani, kule nyuma hakuna cha kutazama. Kichwa chako ni hizo nne za ndani ya mzunguko.

Acha mchezo ukiwa umesimama. Chagua moja kati ya zile nne na uangalie inataka kutokea wapi. Kama reli yake ya kutokea ni tupu na inazuiwa na ishara tu, fungua dirisha la treni hiyo ubofye kitufe cha kuilazimisha ipite ishara. Hakikisha kwanza kwa macho kwamba mbele yake ni patupu kweli, kwa sababu ukiilazimisha na kuna treni mbele zitagongana na utazipoteza zote mbili. Kama zote nne zimebanana kabisa, chagua iliyo na reli tupu nyuma yake, igeuze itoke ilikoingilia. Ikishatoka moja, tatu zitasogea zenyewe.

Mzunguko ukiwa mtupu, ondoa ishara zote za ndani. Zote, usibakize hata moja. Weka ishara za njia za upande mmoja kwenye reli nne za kuingilia, na kwenye reli nne za kutokea sogeza ishara ya kwanza mbele kwa urefu wa treni yako. Treni zako ni za miraba mingapi? Nitajie hapa, na utupie picha ya upande wa mjini. Naona kwenye maelezo yako kama stesheni ya mjini iko karibu mno na huo mzunguko, na ishara ya kutokea huenda isipate nafasi mpaka uisogeze stesheni.